Kihispania cha Mabanga: mlango wa kufunga na mlango wa kuacha wazi

*Kijana wa Goma anayetaka kwenda kuishi kwa Wahispania ili aimiliki lugha yao ana vikwazo vya kuvuka: pasipoti, viza, euro na vita. Kipo kingine atakachosafiri nacho hadi Madrid au Havana asipoangalia, nacho ni Kifaransa chake.*

Meza ya plastiki imewekwa uani, juu ya mawe meusi ya volkano, Mabanga Nord, katika commune ya Karisimbi. Juu ya meza kuna farde ya kijani. Ndani ya farde mna diplome ya État, bulletin za miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, na karatasi moja iliyochapwa cyber ambayo kila aliye uani keshaishika na kuigeuza. Ni barua ya shule ya lugha ya Uhispania. Inasema nafasi ipo, masomo ni saa 20 kwa wiki, na ada ilipwe kabla ya viza.

Mwenye farde ni binti aliyemaliza masomo ya biashara na hana kazi. Jina lake tunaliacha, maana Goma ya siku hizi mtu hapendi safari yake ijulikane kabla hajavuka. Kihispania amekianza kwenye simu, usiku, megas zinaposhuka bei.

Mama yake anauza samaki wa sambaza soko la Virunga. Mjomba wake, ambaye ndiye mwenye neno zito katika kikao hiki, amekuja na pendekezo: kiuzwe kiwanja cha Ndosho, mtoto aende mwaka mmoja, akirudi na Kihispania safi mashirika yatamgombea. Mama hajakataa. Ameuliza jambo moja tu: mwaka huo ukiisha na kiwanja hakipo, mtoto atarudi na nini mkononi?

Swali hilo linastahili jibu refu kuliko yale wanayoyapata vijana kwenye WhatsApp.

Lugha ya majirani wa kambini

Kihispania si kigeni Goma kama mtu wa mbali anavyoweza kudhani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanajeshi wa Uruguay wamekuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini, kwanza MONUC, na tangu 2010 MONUSCO, wakiwa na kambi hapa hapa mjini. Wapo waliokua karibu na kambi hiyo wakijua kusalimia na kutania kwa Kihispania kabla hawajajua Uruguay iko bara gani. Katika mapigano ya Januari 2025, siku chache kabla mji haujaanguka, askari mmoja wa Uruguay aliuawa. Watu hao wamekuwa majirani zetu, na wengine damu yao imemwagika huku.

Kisha kuna mpira. Siku Real Madrid wanapokutana na Barcelona, Mabanga yote hugawanyika, kuanzia vibanda vya kuchaji simu hadi vijiwe vya motari. Na katikati ya mwaka 2025 serikali ya Kinshasa yenyewe iliingia uwanjani: ilitia saini na FC Barcelona mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya zaidi ya euro milioni 40, jina la Kongo likawekwa kwenye jezi za mazoezi za timu hiyo ili kuitangaza nchi kuwa moyo wa Afrika.

Sasa tazama darasani. Mwanafunzi wa Cameroon, Gabon, Senegal au Côte d'Ivoire anaweza kukikuta Kihispania shule ya sekondari, akakichagua na kukifanyia mtihani wa taifa. Mwanafunzi wa Kongo husoma kwa Kifaransa na hufundishwa Kiingereza. Kihispania kwake hakimo. Taasisi ya Instituto Cervantes, ambayo serikali ya Uhispania iliianzisha mwaka 1991 kueneza lugha yake, ina vituo Morocco, Algeria, Tunisia na Misri. Kusini mwa Sahara ilifungua kituo chake cha kwanza Dakar mwaka 2021. Kutoka Goma, Dakar ni ng'ambo ya pili ya bara.

Nchi inayoweza kununua nafasi kwenye jezi ya Barcelona haijamnunulia mtoto wake kitabu cha Kihispania. Hilo linauma, na ndiyo maana binti wa Mabanga ameanza na simu.

> *Nchi inayoweza kununua nafasi kwenye jezi ya Barcelona haijamnunulia mtoto wake kitabu cha Kihispania.*

Mwalimu kijana wa Tatu

Wanaosema mtu hujifunza lugha kwa kuishi ndani yake wana haki, ila nusu. Ushahidi wa nusu zote mbili uko hapa Kivu.

Aprili 24, 1965, Ernesto Che Guevara na kundi dogo la Wacuba walitua Kibamba, upande wa Fizi, baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Walikuja kuwasaidia waasi waliokuwa na kina Laurent-Désiré Kabila. Walijipa majina ya hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Huyo Tatu alipewa kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, ambaye hata miaka ishirini hajafika, awe mkalimani wake na mwalimu wake wa Kiswahili.

Walikaa pamoja karibu miezi saba. Mwanafunzi alikuwa daktari aliyesoma sana, mwenye nidhamu ya kutisha. Mwalimu alikuwa pembeni yake mchana na usiku. Wapiganaji waliomzunguka walizungumza Kiswahili. Mazingira ya kujifunza lugha yanaweza kuwa bora kuliko hayo?

Na bado hakuipata. Katika kumbukumbu alizoziandika baada ya vita hiyo, pale anapojikosoa mwenyewe, Che anakiri kwamba hakujifunza Kiswahili upesi wala vizuri. Sababu ya kwanza anayoitaja ni kwamba alijua Kifaransa. Kifaransa kilimwezesha kuzungumza na viongozi, kikamtenga na askari wa kawaida. Anaongeza kwamba nia ya kujilazimisha ilimpungukia.

Novemba 1965 Wacuba waliondoka, na Freddy akapelekwa Cuba. Alidhani anakwenda kwa muda mfupi. Alikaa miaka 40. Huko Kifaransa chake hakikumfikisha popote, Kiswahili ndiyo kabisa. Alijifunza Kihispania kwa sababu hakuwa na lugha nyingine ya kuombea maji. Akasoma, akawa daktari, akafika hadi kuwa mpasuaji wa ubongo. Kwa miongo mizima jamaa zake wa Kivu hawakujua aliko, naye hakujua waliko, hadi siku simu ilipolia bila kutarajiwa. Mtengeneza filamu Katrin Hansing aliisimulia habari yake katika filamu ya kumbukumbu. Freddy Ilanga alifariki mwaka 2005 hukohuko Cuba.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kwa vijana wanaonijia na swali la Uhispania, kwa sababu ina mambo yote mawili wanayopaswa kuyapanga kabla ya kufunga mzigo. Mwalimu na mwanafunzi wake walibadilishana nchi. Mmoja alikuwa na mlango wa kutokea, akautumia kila lugha ilipokuwa ngumu, akaondoka bila Kiswahili. Mwingine hakuwa na mlango wowote, akaipata lugha, lakini na mlango wa kurudi nyumbani ukafungwa naye akiwa ndani.

Maandalizi yenye maana ni haya: kuufunga ule wa kwanza kwa makusudi, na kuhakikisha wa pili haufungwi na mtu yeyote.

"Aende tu" dhidi ya "aanze hapa"

Katika kikao cha Mabanga Nord mjomba anasimama na wale wa aende tu. Hoja zao si za kupuuzwa. Goma hakuna mwalimu wa Kihispania wa kumfuata mitaani. Simu inakufundisha kuuliza, haikufundishi kulielewa jibu la mtu mwenye haraka. Na kungoja katika mji huu kuna gharama yake: mipango uliyoiweka kwa miaka miwili unaweza kuamka asubuhi ukakuta haina maana tena. Walioona moto wa Nyiragongo wa 2002, wakauona tena wa Mei 22, 2021, wakaona na Januari 2025, hawahitaji kufundishwa hilo.

Upande wa pili nimewakuta zaidi walimu wa lugha. Wao husema mtu asiyejua lolote hafaidi lolote. Atakaa mezani na familia iliyompokea, watacheka, yeye atatabasamu. Wataongea, yeye atatazama simu. Baada ya wiki mbili atamtafuta Msenegali au Mkongomani mwenzake wazungumze Kifaransa apumue, na hapo safari imekwisha ingawa tiketi ya kurudi ni ya mwakani.

Wakenya wana mfano wa karibu. Mwaka 2018 serikali yao ilipeleka Cuba madaktari 50 kusomea utabibu wa familia, wakati madaktari 100 wa Cuba wakija Kenya. Watu wazima, wasomi, wenye mshahara na serikali nyuma yao. Ilibidi kwanza wakae chini wajifunze Kihispania. Magazeti ya Nairobi yaliandika sana malalamiko yao juu ya posho na maisha ya mbali na familia, na Machi 2019 mmoja wao alipofariki huko, Kenya nzima iliuliza walikuwa wakiishije. Kama madaktari walioagwa rasmi na serikali yao walipata taabu hiyo, binti wa Mabanga ambaye nyuma yake yuko mjomba na kiwanja kimoja ajiulize mara mbili.

Mimi naegemea upande wa walimu, na sababu yangu ni ya hesabu. Hatua za kwanza za lugha ni zilezile popote: salamu, namba, wakati uliopita, kuomba njia, kueleza unaumwa wapi. Ukizijifunzia Salamanca unazilipia kwa euro. Ukizijifunzia Mabanga unazilipia kwa megas. Miezi mitatu ya mwanzo Uhispania, kwa kipimo cha chini kabisa cha fedha kinachotakiwa na sheria yao, ni euro 1,800. Hizo ni fedha za kwenda kujifunza kuhesabu hadi mia.

Kungoja si kukaa bure. Wanaosema aende upesi wamesahau kwamba kazi inaweza kuanza leo jioni.

Farde na njia yake

Tuitazame ile farde tena kwa jicho la ofisa wa viza.

Kwanza pasipoti. Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Serikali ya mkoa ilihamia Beni. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango. Kinshasa haitambui hati zinazotolewa na utawala uliopo Goma, na pasipoti ya Kongo hutolewa na Kinshasa. Ubalozi wa Uhispania nao uko Kinshasa.

Barabara ya kumfikisha mtu Kinshasa kutoka Goma ni kama haipo. Kwa hiyo anavuka mpaka wa Rwanda kwa Petite Barrière au Grande Barrière, anaingia Gisenyi, anapanda hadi Kigali. Huko nako RwandAir ilifungiwa anga ya Kongo Februari 2025, basi azunguke Entebbe, Nairobi au Addis Ababa ili aingie mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Na kuna fundo hapo: jeton, kile kibali cha kuvukia mpaka, inakufikisha Gisenyi, haikupandishi ndege. Mtu anahitaji hati ya kusafiria ili akaitafute pasipoti.

> *Jeton inakufikisha Gisenyi, haikupandishi ndege.*

Pili fedha. Anayekwenda kusoma Uhispania kwa zaidi ya siku 90 huomba viza ya masomo. Huonyesha barua ya shule, bima ya afya, na akizidisha siku 180, cheti cha daktari na hati ya kutokuwa na makosa ya jinai. Na lazima aonyeshe fedha za kujikimu kwa kipimo cha serikali yao kiitwacho IPREM, ambacho tangu 2023 ni euro 600 kwa mwezi. Mwaka mzima ni euro 7,200, kabla ya ada, kabla ya tiketi, kabla ya kutafsiri diplome kwa Kihispania na kuigongesha mihuri ya wizara.

Mwuza sambaza aliyejinyima miaka kumi anaweza kuwa na akiba. Lakini ofisa wa ubalozi haangalii akiba iliyo ndani ya kibindo, wala daftari la likelemba, wala salio la M-Pesa. Anataka taarifa ya benki ya miezi kadhaa, kutoka mji ambao benki zilifungwa. Ndiyo maana familia nyingi huishia kumbembeleza ndugu aliye Ulaya au Kinshasa asimame mdhamini, na mdhamini naye ana masharti yake.

Mtu akikwambia haya yote yanamalizwa kwa wiki mbili, muulize anapata ngapi.

Commissionnaire wa bourse

Madalali wa ufadhili wapo, na wanajua kuvaa. Anakuja na picha za chuo, orodha ya nchi, na habari za mtoto wa fulani aliyekwenda. Anaomba ada ya kufungua faili, kisha ya tafsiri, kisha ya kuharakisha, zote kwa simu. Msimu ukipita, namba haipatikani.

Bourse za kweli zina majina na anwani zinazojulikana. Cuba ilianzisha shule yake ya udaktari ya Amerika ya Kusini, ELAM, Havana mwaka 1999, na imepokea vijana wa Afrika. Asiyejua Kihispania hufundishwa kwanza, na nafasi hupitia makubaliano na serikali, si kwa mtu wa mtaani. Uhispania hutoa ufadhili kupitia wizara yake ya mambo ya nje na shirika lake la ushirikiano, AECID. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hulipia masomo ya uzamili, na baadhi ya programu zake hupitia vyuo vya Uhispania.

Na kwa binti mwenye farde ya kijani kuna moja ambayo nilishangaa kukuta wachache Goma wanaijua: Learn Africa, mpango wa taasisi ya Mujeres por África iliyoanzishwa na María Teresa Fernández de la Vega, aliyepata kuwa makamu wa waziri mkuu wa Uhispania. Huwapeleka wanawake wa Afrika kusoma katika vyuo vikuu vya huko. Kabla ya kuuza kiwanja, mtu atume maombi hapo. Kutuma ni bure.

Nchi ishirini, na moja iko kwetu

Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20. Kuchagua nchi ni sehemu ya maandalizi, na watu hawaitilii maanani.

Mashabiki wote wanataka Barcelona. Barcelona ni mji mzuri, ila lugha ya shule na ofisi nyingi huko ni Kikatalani. Mtu aliyeuza kiwanja kwa ajili ya Kihispania anaweza kujikuta kila bango na kila tangazo limeandikwa lugha nyingine. Bora Salamanca, ambako chuo kikuu kipo tangu 1218 na mji mzima umezoea wageni wanaojifunza, au Valladolid, au Granada. Maisha huko nayo ni nafuu kuliko Madrid.

Cuba watu ni wakarimu na wanaongea na kila mgeni, ingawa huzungumza mbio na kumeza herufi za mwisho. Lakini uchumi wa kisiwa umeyumba vibaya; Oktoba 2024 umeme ulikatika nchi nzima. Mtu wa Goma giza halimtishi, uhaba wa chakula na dawa ndio aufikirie. Mexico kuna UNAM, chuo kikuu cha taifa, ambacho kimefundisha wageni tangu 1921.

Iliyo karibu zaidi ni Guinea ya Ikweta. Ilikuwa koloni la Uhispania hadi Oktoba 12, 1968, na Kihispania ndicho lugha ya shule, redio na ofisi. Chuo kikuu cha masafa cha Uhispania, UNED, kina vituo Malabo na Bata. Nyumbani watu huongea Kifang, Kibubi na nyinginezo, kama sisi na lugha zetu, kwa hiyo hutakutana na Kihispania saa 24. Lakini ni Afrika, hali ya hewa unaijua, na hakuna anayekushangaa basini. Sielewi kwa nini haitajwi kabisa katika vikao vyetu.

Kinachowezekana uani

Mtu wa Goma ana mtaji ambao hajauhesabu. Kiswahili kina vokali tano zilizo wazi. Kihispania kina tano hizohizo. Silabi zao nyingi huishia kwa vokali kama zetu. Neno linaloishia kwa vokali mkazo wake kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyotamka sisi kila siku bila kufikiri. Sauti ya *ny* tunayo tangu utotoni, na ya *ch* pia.

Nilimsikia binti huyo akisoma kwa sauti ukurasa mmoja kutoka simu yake. Mara ya kwanza alisoma kwa mdomo wa Kifaransa: alimeza herufi za mwisho, akapandisha sauti kwenye silabi ya mwisho ya kila neno. Alipoambiwa asome kama anasoma Kiswahili, kila herufi na haki yake, sentensi zilinyooka palepale. Kilichobaki kumsumbua ni *r* ndefu ya kutetemesha ulimi na *j* inayotoka kooni, ambayo aliyepita madrasa anaipata upesi.

Kifaransa kina kazi yake, na ni kubwa, lakini iko kwenye macho: anayekijua atakisia maana ya maneno mengi sana ya Kihispania yaliyoandikwa. Kwa hiyo Kifaransa kiwe cha kusomea na Kiswahili kiwe cha kutamkia. Wanadiplomasia wa Marekani, ambao huanza na Kiingereza, hupangiwa takriban wiki 30 za darasa kwa Kihispania na wiki 36 kwa Kiswahili. Sisi tunaanzia mbele yao.

Basi watu watatu au wanne wa mtaa mmoja wakutane jioni, saa moja, na katika saa hiyo Kifaransa kikatazwe kabisa. Anayekosa neno aeleze kwa mikono, azunguke, achore chini. Huko ndiko kuishi ndani ya lugha, na kunaweza kufanyika juu ya mawe ya Mabanga. Lengo liwe kiwango cha A2, yaani kujimudu katika mazungumzo rahisi, kabla ya safari; B1 ni bora zaidi. Mtihani wa DELE wa Instituto Cervantes cheti chake hakiishi muda. Wa SIELE, ulioanza 2016, hudumu miaka 5, na atakayepita Nairobi au Kinshasa aulizie kituo.

Akifika huko, sheria iwe ileile. Akae na familia ya wenyeji, si chumba kimoja na Wakongomani wenzake, hata kama kodi ni nafuu. Miezi mitatu ya kwanza Kifaransa asikitumie na mtu yeyote. Nyumbani apige kila Jumapili, kwa Kiswahili, aongee hadi ashibe. Kiswahili hakitamwibia Kihispania, kwa sababu Salamanca hakuna atakayemjibu nacho.

Na mlango wa kurudi upangwe kwa karatasi. Tiketi ya kurudi inunuliwe au fedha yake iwekwe mahali pasipoguswa. Mjomba naye aambiwe ukweli juu ya kazi: Goma yenyewe haina ajira nyingi za Kihispania, na MONUSCO ambayo ingekuwa mwajiri inazidi kupungua. Thamani iko kwa mtu mwenye Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Kihispania kwa pamoja, anayeweza kutafsiri na kufundisha, hapa au Nairobi au Kampala. Bila Kiingereza, Kihispania peke yake hakitamlisha.

Kwa hiyo jibu la swali la mama wa sambaza ni hili: kiwanja cha Ndosho kisiuzwe sasa. Kisiuzwe kabla binti hajafika A2, kabla pasipoti haijawa mkononi, na kabla maombi ya Learn Africa na AECID hayajajibiwa. Yote yakikamilika na bado fedha ikapungua, familia ikae tena.

Chuo Kikuu cha Goma, ULPGL na vyuo vingine vya mji wafungue darasa la jioni la Kihispania. Chumba wanacho, na wanafunzi wako Mabanga, Katindo, Majengo na Himbi wakijifunza peke yao gizani. Na wale wa Kinshasa watakapokaa tena mezani na Barcelona, au na serikali ya Uhispania kwa jambo lolote, waombe walimu kumi. Kwa euro milioni 40, walimu kumi wa Kihispania kwa shule za Kongo si ombi kubwa.